Singo ya Rukia

Jumanne, 7 Februari 1956
Nimesaga liwa, ule mti wa kunukia, tangu asubuhi. Biharusi wa Malindi, siku ya tatu ya kumsinga, kumsugua mwili mzima. Mtoto haachi kucheka. Mimi somo wake, ndiye ninayemfunda, nimeshazoea. Nilipokwenda kukoga, mkono ukakuta kitu kwenye ziwa langu la kushoto. Kigumu, kama kunde. Hakiumi. Nikavaa, nikarudi kummaliza miguu.

Alhamisi, 9 Februari
Kipo.

Jumatatu, 13 Februari
Hospitali. Daktari mwanamme. Miaka ishirini nawavua nguo watoto wa watu niwasinge, yangu ikanishinda. Nikasema bega linauma. Kanipa dawa ya kuchua. Nimerudi nyumbani nikalichua bega zima. Mjinga mimi.

Alhamisi, 1 Machi
Kunde imekuwa njugu mawe. Nimemwambia shangazi. Kasema ziwa lisilonyonywa halikosi kuleta mambo, na mimi sikuzaa. Kisha neno likamtoka:
"Hata mama yako, lake lilianza hivi hivi."
Sisi tuliambiwa kafa kwa homa. Mimi na mdogo wangu Rukia, miaka yote, homa. Waliona haya kulitaja ziwa la marehemu. Nimemchukia shangazi. Nikamtilia chai.

Jumatatu, 12 Machi
Nimerudi hospitali, safari hii nikasema kweli. Nesi wa kike kanishika mkono, mimi nimefumba macho. Daktari kauliza mengi. Umri? Arubaini na saba. Umezaa? La. Mama? Nikamwambia. Akaandika. Kasema kutozaa huongeza hatari kidogo, na ya mama huongeza zaidi, lakini si kosa la mtu. Nilitamani shangazi awepo asikie. Nipasuliwe Jumatatu ijayo. Una ndugu wa kike? Ninaye mmoja. Naye aje atazamwe.
Sikuhisi kitu. Nikapita sokoni, nikanunua nazi mbili.

Jumamosi, 17 Machi
Nimemwita Rukia nimsinge. Kanicheka. Mama wa watoto watatu, singo ya nini? Akalala hivyo hivyo. Mkono wangu ukatafuta. Hamna. Nikarudia. Hamna.
"Basi dada, mie si biharusi."
Nikarudia.
Kisha nikamweleza ya mama, na yangu. Nikauchukua mkono wake, umejaa liwa, nikauweka kwenye ziwa langu, ajue linavyokuwa. Hakuuondoa.
Jumatatu tunakwenda sote wawili. Liwa imebaki kidogo, nimeifunika.