Bamba la Nyuma ya Radio

Jumatatu, 3 Machi

Mgongo hauna hali. Kutwa nzima nimelala chali bandani kule kiwanjani, kichwa chini ya dashibodi ya ndege yetu, miguu juu ya kiti cha rubani. Lakini radio imekaa. Kwa mbele inashikwa na dashibodi, kwa nyuma nimeifungia bamba la alumini hadi kwenye kiunzi cha ndege. Bila bamba hilo inaning'inia kama droo iliyovutwa ikasahauliwa – injini itikisike kidogo tu, nyaya zinalegea. Na chini yake ndipo kinapopita chuma cha usukani. Waya hata mmoja usikiguse.

Kaka alipita na soda yake. Akauliza kama nashona gauni la harusi, mbona simalizi. Miaka yote hii tunaiunda wawili, yeye mbao na mabati, mimi umeme, na bado anadhani nyaya hujipanga zenyewe. Sikumjibu. Nilikuwa na skrubu mdomoni.

Jumatano, 5 Machi

Sasa Kaka anataka skrini kubwa. Katikati ya dashibodi. Na keshainunua. Nimempimia kwa rula mbele ya macho yake: nyuma hakuna nafasi, itagombana na bamba la radio. Akasema, "Wewe si fundi? Utapata njia." Nikamwambia njia ni kuirudisha dukani. Akacheka, akanipigapiga begani kama mtoto.

Kwake ndege ni uso. Matumbo hayamhusu.

Mama ana furaha yake. Kaka kamwahidi kuwa abiria wa kwanza. Kanunua hadi miwani ya jua.

Alhamisi, 6 Machi

Nina hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Nilipotoka kazini kwangu gereji nikapitia bandani. Skrini inawaka, maridadi kweli. Nikainama na tochi. Bamba langu halipo! Radio imefungwa kwa vile vikanda vya plastiki vya kubania nyaya, imelala kinyumenyume kama mlevi. Nikageuza usukani kushoto – fungu la nyaya likanasa kwenye chuma. Usukani ukagoma.

Nikamuuliza Kaka. Eti bamba lilipasuka lenyewe. Lenyewe! Nimelikuta kwenye pipa la taka, limekatwa kwa grenda, ncha bado zinang'aa. Wakati wa kula nikamwekea mezani, kando ya sahani yake. Akalisogeza, akachukua chumvi.

Mama akasema mdogo hamsuti mkubwa wake mbele ya chakula. Nikamuuliza, mkubwa akidanganya anasutwa na nani? Nikaondoka na njaa yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mkaguzi wa ndege kaja. Mzee mpole, anatembea mikono nyuma. Kaka kamzungusha, kamwonyesha rangi, viti, skrini. Skrini mara tatu. Mkaguzi akauliza radio kafunga nani. Kaka akaniwekea mkono begani: "Dada yangu huyu. Hana mfano."

Tangu nizaliwe kaka yangu hajanisifu. Kanisifu leo, ili msalaba niubebe mimi.

Mkaguzi akaniuliza kama kule nyuma imeshikwa sawasawa. Nikasema hapana, geuza usukani kushoto uone. Akageuza. Akautoa mkono kama aliyegusa pasi ya moto. Akasema hii hairuki mpaka skrini itoke na bamba lirudi. Akaaga.

Kaka alingoja gari la mkaguzi lipotee. Kisha akasema nimemvua nguo mbele ya mgeni. Nikamwambia afadhali uvuliwe nguo kuliko uvuliwe roho. Basi, ndiyo mwisho wa mazungumzo. Mama naye leo ananiita "wewe" tu.

Jumapili, 9 Machi

Naandikia magotini, ndani ya ndege.

Asubuhi nimekuja na bamba jipya nilifunge. Nikakuta banda wazi, ndege imesukumwa nje, tangi limejaa, Mama kasimama pembeni na mkoba wake kwapani. Kaka anasema ni kujaribu tu, mzunguko mmoja, mkaguzi yule mwoga. Na nyaya je?

"Ukikaza kidogo zinapita."

Ukikaza kidogo! Na Mama kiti cha pembeni!

Nikapanda nikakaa kwenye hicho kiti, nikafunga mkanda. Kaka akaniamuru nishuke. Sikushuka. Mama akaja mlangoni: "Nipishe, mwanangu." Nikamwambia, Mama, hebu pitisha mkono, geuza huu usukani kushoto. Akageuza. Ukagoma. Akajaribu tena kwa mikono miwili. Ukagoma vilevile. Akanyanyuka taratibu, akamtazama Kaka. Sijawahi kumwona akimtazama hivyo. Yule ni kipenzi chake.

Akaushika mlango wa upande wangu.

Kaka kazunguka, kaingia upande wa pili, kafunga mkanda. Hanitazami. Anasema aliyemo ndani aruke naye, asiyetaka ashuke, kwake ni mamoja. Kashika ufunguo.

Mimi sishuki. Na Mama bado kaushikilia mlango wangu, hataki ufungwe.