Msiba wa Mama Mkwe Aliyefungua Mlango

Hetal uko wapi, nimekwisha.

Unakumbuka kwenye riwaya yangu mama mkwe anakufa sura ya tatu, halafu mke wa mwanawe anakata nywele, anavaa jinzi, ndiyo anaanza kuishi?

Leo Jasuben kaja na wanawake wenzake wanne wa hekaluni. Wamevaa sari nyeupe. Nyeupe, Hetal, za msibani.

Na aliyewafungulia mlango ni mama mkwe mwenyewe, mzima, unga wa chapati mikononi.

"Kafa nani?"

Wakatazamana. Jasuben akasema, "Wewe, dada. Tumesoma kwenye kitabu cha mkweo."

Wewe, dada. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akawapikia chai. Wakamlilia kidogo, maana walishajiandaa, wakaondoka.

Kisha akanigeukia. "Kwa hiyo mpaka nife ndiyo uishi?"

Nikasema ni hadithi tu, mama.

Akapanda juu. Nikajua anafunga mizigo arudi kwao Surat, India.

Kashuka sasa hivi, kavaa jinzi yangu. Miaka thelathini hapa New Jersey hajawahi kutoka bila sari.

"Nipeleke nikakate nywele," kasema. "Nimeshaliliwa, nani wa kunisema?"