Kumsindikiza Furaha Hadi Juu

Jumanne, 2 Juni

Vyombo tayari. Mdogo wangu Josué anatazama televisheni. Naandika Kiswahili kama kawaida, kwa sababu yeye anajua kusoma Kiingereza tu, na kila daftari la nyumba hii anaona ni lake.

Furaha alikuja kunisuka. Ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo ni dada yangu. Shuleni wanamwita binamu. Neno dogo sana. Wanakaa ghorofa ya juu yetu tangu tufike Louisville. Alipofika katikati ya kichwa akasema wanahamia Buffalo, kwa mdogo wake baba mkubwa. Jumatatu ya tarehe 22. Akaendelea kusuka kama mtu aliyesema kesho mvua.

Nusu ya nywele zimesukwa kabla ya habari, nusu baada. Hizo za pili zinabana.

Nilimpitishia kichana.

Ijumaa, 5 Juni

Kesho vijana wa kwaya ya kanisa tunaenda kwenye bembea, yaani ule uwanja mkubwa wa michezo wenye rolakosta ya mbao, ile treni ya kuchezea inayopanda na kushuka vilima. Kila kiangazi tunaenda. Kila kiangazi Furaha anapanda, mimi nashika mikoba.

Aibu yangu ni hii: naijua kuliko wote wanaoipanda. Niliichora kwa somo la fizikia. Kilima cha kwanza lazima kizidi vyote kwa urefu, maana treni haina injini. Mnyororo unaivuta hadi juu, unaiachia, basi. Kuanzia hapo inakwenda kwa kile ilichopewa. Ile kla-kla-kla wakati wa kupanda ni meno ya chuma, yanaizuia isirudi nyuma. Na mbao zinayumba makusudi. Zingekakamaa, zingevunjika. Baba alitazama mchoro akacheka: "Nyumba ikitikisika hivi, kwetu watu wanahama."

Ninachopenda zaidi ni harufu. Mbao zilizopigwa na jua. Kanisa letu la kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, lilinuka hivyo hivyo kabla halijaezekwa. Mimi na Furaha tulicheza chini ya nguzo, tukiokota misumari iliyopinda. Yeye alipanda juu. Mimi niliokota.

Ameniomba kitu kimoja tu kabla hajahama: tukae pamoja kiti cha mbele kabisa.

Jumamosi, 6 Juni

Nimekimbia.

Nilifika hadi mlangoni pa treni. Ikaingia, mbao zikatetemeka mpaka kwenye meno yangu, nikatoka kwa kile kijia cha waoga. Alipanda na kiti kitupu pembeni yake.

Aliposhuka akasema mbele ya kwaya nzima, "Huyu ni injinia wa mikoba." Wakacheka. "Huko Buffalo nitawaambia dada yangu anapanda treni kwa penseli."

Tunataniana kila siku. Leo hakuwa anatania.

Namchukia. Uongo. Naichukia tarehe 22.

Alhamisi, 11 Juni

Juu wanaburuta masanduku. Nasikia kila kitu. Sijapanda ngazi tangu Jumamosi.

Mama ameona. Akauliza kwa Kiswahili chake cha nyumbani: "Bon, weye na Furaha muko na nini?" Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna kitu. Mama hukiita Kiingereza changu cha kufungia mlango.

"Huo mlango, fungua."

Akanikumbusha mabasi. Kambini, familia ikipata safari ya kuhamia ng'ambo, basi linakuja asubuhi na mtaa mzima unawasindikiza hadi kwenye kizuizi cha lango la kambi, tukiimba. Hata waliogombana nao bombani walikuja. Familia ya Furaha ilitutangulia. Nakumbuka mkono wake dirishani, kisha vumbi, kisha mkono haupo.

"Mutu mwenye kununa hasindikize," mama akasema. "Na sisi hatuache mutu aende yeye peke. Baba yako ameisha omba ruhusa ku kazi. Tutafuata lori yabo mpaka Columbus."

Columbus! Karibu nusu ya njia ya Buffalo, saa tatu na zaidi za barabara, ili tu kuaga. Majirani wetu wangepunga mkono hapo kwenye maegesho, yaishe. Nilicheka peke yangu bafuni. Halafu nikalia.

Jumamosi, 20 Juni

Asubuhi nilipanda ngazi. "Twende. Kiti cha mbele." Furaha akavaa viatu bila kuuliza.

Tulipofika kwenye bembea, mvua. Reli imefungwa. Tukakaa chini ya kibanda, tukila sambusa za mama mkubwa tulizoingiza kwa siri ndani ya masweta. Mvua haikuwa na haraka. Nikawaza: kesho ni kanisa, keshokutwa ni lori. Basi. Nimechelewa kuwa jasiri.

Alasiri jua likatoka. Mafundi wakapita juu ya reli wakiikagua. Wakafungua.

Tukakaa mbele kabisa, chuma cha kutuzuia kikashuka mapajani. Kla-kla-kla. Nilitaka kushuka, ila hapo hakuna tena kijia. Furaha akaanza kuimba. Ule wimbo wa pale kwenye kizuizi, wa mabasi. Mimi ninayetikisa midomo tu kwenye kwaya, nikaimba. Nikaimba kweli.

Juu kabisa, miti hadi mwisho wa macho. Akanigeukia, akasema yale maneno ya mtu anayesindikizwa:

"Haya rudi, dada. Umenifikisha."

Mnyororo ukaachia.

Haikuwa kuanguka. Kiti kilinikimbia, nikakifuata. Mbao zikapita karibu na kichwa, nikazitambua: huu mhimili niliuchora, hii kona niliifuta mara ngapi. Kila kilima kilininyanyua na kunirudisha kitini kwa kofi. Mchoro wangu haukuwa na kelele. Haukuwa na upepo mdomoni. Nilipiga mayowe kwa Kiswahili, jina lake tu, jina lake.

Kituoni mkono wangu ulikuwa na alama za kucha zake. Wake ulikuwa na zangu.

Jumatatu, 22 Juni

Columbus. Tulikula mtaa wa Morse Road, kwa watu wa kanisa. Wali, sombe ya majani ya muhogo, kelele za wazee. Wakaanza kuinuka.

Furaha alinisindikiza hadi kwenye gari letu, maana kwetu anayesindikizwa naye husindikiza. Nikamrudisha hadi kwenye lori. Akanirudisha kwenye gari. Nikamrudisha. Baba mkubwa akapiga honi: "Nyinyi! Buffalo haitatufuata hapa!"

Tulikuwa tumeshikana mikono. Nikaachia mimi.

Ijumaa, 26 Juni

Juu kimya. Nimezoea miguu yake darini, sasa nasikia friji.

Ametuma picha. Nyumba ya North Buffalo ina kibaraza cha mbao, anasema ukikikanyaga kinalia. Amekaa upande mmoja wa benchi. Upande wa pili ameweka mkoba.

Mama anasema nywele alizonisuka Furaha zimechakaa, nifumue. Nimemjibu kwa Kiswahili: bado kidogo.