Kuluwari Yenye Kona

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa tatu
Leo tena matofali. Naunganisha chumba ya Mama, ile ya nyuma, na nyumba yangu kubwa, asinyeshewe tena akija kula. Hapa mjini Baraka batu banajenga barza mbele, banaacha kichochoro kando, banasema bamemaliza. Mi naweka kuluwari, njia ya ndani yenye kuta na paa. Tena na kona, kama bureau za serikali kule Bukavu. Ile nilijengea mutu wa zahabu kule Lulimba ilikuwa ndefu: jogoo akiwika mwanzo wake, mwisho wake banamusikia kesho yake.

Alhamisi, tarehe 7
Kuta zimefika juu. Mulango wa zamani wa Mama, ule wa nje, nimeuziba pia. Njia moja tu, bezi ba usiku bashindwe kuingia. Muke wangu alitaka kumupelekea Mama meza. Ikakwama kwenye kona. "Papa Riziki, na kitanda?" akaniuliza. Kitanda iko ndani tangu zamani, mwanamuke! Akapima kona na macho, akarudisha meza. Kule kupima sikukupenda.

Jumapili, tarehe 10
Majirani balikuja kuona kisha misa. Mumoja anaita pasaji, mwingine njia ya panya. Wivu. Mama anaita utumbo. Anasema giza inamumeza kila akipita, anapapasa ukuta na mikono yote. Nilicheka. Peke yangu.

Jumatano, tarehe 13
Mama ameanguka. Alikuwa anarudi kutoka kula, akajikwaa kwenye kizingiti cha chumba yake, sababu ya ile giza, akaangukia ndani. Mufupa wa paja umevunjika. Nesi amefunga mbao: asikunjwe, abebwe amelala, aende hospitali upesi. Mguu unavimba.

Banaume baliingiza kipoyi, ile miti mbili na blanketi katikati. Ikiwa tupu baliisimamisha, ikapita. Mama akiwa juu yake, haikuweza kupinda kona. Bakajaribu huku, bakajaribu kule. Alilia kama mutoto. Shemeji yangu, muvuvi wa Lweba, akaniangalia: "Shemeji, umejenga mutego wa samaki. Kuingia iko, kutoka hakuna." Hakuna aliyecheka.

Nilitoka nje, nikapiga pale niliziba mulango. Batu nitabaambia niliuangusha na teke moja. Uongo. Nyundo ilikuwa inaniteleza, macho yalijaa maji. Kila pigo, Mama analalamika ndani, vumbi inamuangukia. Ukuta ule niliujenga nguvu sana. Niliogopa atafia mule, mi fundi niko nje.

Alhamisi, tarehe 14
Tulimutolea kwenye lile tundu, amefika hospitali. Bamemulaza. Hasemi na mi.

Jumamosi, tarehe 6, mwezi wa nne
Mama amerudi. Amekonda. Tulimupitisha kwenye tundu, kipoyi haikugusa kitu. Nilileta matofali niweke fremu na mulango muzuri, mudogo. Akakataa.

"Iache vile, mutoto wangu. Iko siku mutanibeba tena, na siku ile sitaweza kulia mukinigonga kwenye ukuta."

Nimetundika kitenge pale. Upepo wa ziwa unaingia. Nimekaa chini, karibu na miguu yake. Amelala.