Breki Zilikuwa Nzima

Uyole Sokoni,
S.L.P. 214,
Mbeya.
12 Septemba, 1976.

Mpendwa mdogo wangu Seni,

Pokea salamu zangu, wewe na wote mnaolala chini ya paa lako. Hali zenu huko Magu? Leokadia mguu wake umepoa, au bado anautembeza kwa waganga? Mama mzee anakula? Macho yake bado yanamwonyesha njia ya kisimani? Uniandikie yote, usinifiche kwa sababu ya msiba.

Sisi huku tunapumua. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali mpaka majani ya viazi yameungua shambani. Baba Nyanda kifua kinambana asubuhi, lakini akishaota jua anakwenda kwa ng'ombe wake. Mimi mwili ni mzima, nashukuru. Hayo mengine utayaona mbele.

Barua yako ya mwezi wa nane nimeipata, nimeisoma mara nne. Unasema tangu simu ya msiba ikufikie ukiwa umeshachelewa mazishi, chakula hakikupiti kooni. Unasema wewe mjomba mtu ndiye uliyemwua Nyanda, kwa kumnunulia baiskeli ya bei ya chini yenye breki za mashaka, wakati pamba yako ilikuwa imeuzika na ungeweza kumpa ya maana. Seni, hilo neno litoe moyoni. Si kweli, na mimi ndiye ninayejua kwamba si kweli.

Ila kwanza nikueleze habari za hiyo baiskeli, kwa maana tangu umfungie juu ya basi hukuiona tena. Wewe uliinunua ikiwa uchi. Mwanangu aliivalisha.

Unajua alipopata kazi kule karakana ya barabara Iringa, alipanga Kihesa kwa fundi mmoja wa baiskeli, Mhehe, jina lake Ambrosi. Basi kila mwisho wa mwezi kinaongezeka kitu. Mwezi huu kengele ya milio miwili. Mwezi ujao madigadi ya kung'aa, ukiinama unaona meno yako. Akafunga dinamo na taa, akafunga vioo viwili pembeni kama gari la mkuu wa wilaya, akaning'iniza raba nyuma imeandikwa NYAMIZI kwa rangi nyeupe. Jina langu, Seni, si la msichana yeyote. Mimi nikamfumia kava ya kiti kwa uzi mwekundu, ina mashada pande zote. Krismasi alipokuja nayo toka stendi, watu walitoka madukani. Siku ile sikuuza viazi hata debe moja, nilikaa tu naeleza watu huyo ni wa nani.

Halafu akaingiwa na mambo ya mashindano. Walikuwa wanakimbia Jumamosi na wenzake kuelekea Makambako, na upepo wa Makambako unaujua wewe mwenyewe ulivyotaka kukuvua koti ile safari yako. Nyanda akagundua kwamba mtu akijilaza mbele, upepo unampita juu. Aliniambia upepo ni mzigo, ukiinama unauangusha. Darasa la saba tu, lakini kichwa hicho, sijui alikitoa kwetu au kwao.

Basi yeye na Ambrosi wakachukua vipande viwili vya bomba la maji, wakavipasha moto na kuvikunja, wakavichomelea katikati ya usukani vielekee mbele. Chini ya viwiko wakaweka vipande vya tairi na kuvisokotea blanketi. Unalaza mikono yako pale, unashika ncha mbele kabisa, unakuwa kama mtu aliyeegemea benchi la kanisani. Watu wakaiita baiskeli ya pembe. Alipita nayo hapa Uyole akaliacha trekta la kituo cha utafiti nyuma, na madereva wa malori ya Zambia wakawa wanampigia honi. Hayo niliyaona kwa macho yangu.

Jirani yangu Mama Asukile, yule Mnyakyusa ambaye kijana wake yuko sekondari na hatuachi tupumue, akauliza soko zima likisikia baiskeli hiyo imepandwa lini, na itazaa lini. Nikamjibu itazaa kikombe Saba Saba. Watu wakacheka upande wangu. Seni, nilikwenda nyumbani nimejaa kama niliyeshiba nyama.

Tangu siku ile sikunyamaza. Nilisema sokoni, nilisema kanisani, nilisema kwa makondakta. Nikashona kitenge kipya cha kwenda nacho Iringa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana sijamwambia mtu.

Mwishoni mwa mwezi wa sita Nyanda alikuja Jumamosi. Akala, akanawa, akasema ana neno. Breki bado zilikuwa pale pale zilipokuwa siku zote, kwenye usukani, na mtu akilala kwenye pembe mikono inakuwa mbali nazo. Kwenye tambarare si kitu, kwenye kupanda si kitu. Kwenye kushuka ndiyo hatari. Ambrosi alitaka kuzileta breki mbele kwenye ncha za pembe, lakini zinataka waya mrefu, na huo wameuagiza Dar, haujafika. Ambrosi amemkataza kukimbia mwaka huu. Nyanda mwenyewe aliona hivyo hivyo. Alisema yuko radhi kungoja mwaka ujao.

Nami nilikuwa nawaza nini? Nilimwona Mama Asukile na mdomo wake. Sikuuliza hata mteremko uko wapi. Nilimwambia, "Nyanda, usinitie aibu. Nimeshasema kwa watu."

Akaniangalia. Halafu akacheka kama alivyokuwa anacheka, mkono mdomoni. "Basi mayu. Kwenye kushuka nitarudisha mikono."

Kesho yake nikamfungia karanga, akaenda. Wewe unamjua, toka mdogo ukimwita mara moja tu ameshasimama. Hakuwahi kunikatalia kitu, na mimi nilikuwa najisifia hilo pia.

Siku yenyewe walianzia Ilula kuja mjini Iringa. Mimi na baba yake tulikuwa uwanjani tangu asubuhi, mimi na kitenge changu. Nikawaambia waliokaa karibu nami kwamba wangu hamtamkosea, ana pembe. Baiskeli zikaanza kuingia. Ya kwanza haina pembe. Ya pili haina. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akaniuliza kwa upole, wako bado? Nikamwambia amepata pancha, huyo anakuja. Zimeingia zote, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anasukuma yake kwa miguu, na mimi bado nimesimama. Halafu likaja landrova, likamwulizia baba yake Nyanda.

Mazishi yalivyokuwa nimeshakuandikia, sirudii. Lakini kuna mambo mawili ya matanga sikukuandikia.

La kwanza. Siku ya nne alikuja mama mmoja mgeni, Verediana, muuza nyanya wa njia ya Ilula, amepanda basi na beseni la nyanya kichwani. Akakaa nasi siku mbili anamenya viazi. Tukadhani ni ndugu wa mtu. Siku ya pili mchana akanivuta nyuma ya jiko. Akasema yeye ndiye aliyekuwa anavuka barabara kwenye ule mteremko wa kushuka mtoni. Aliona lami tupu, akavuka. Kugeuka, baiskeli imeshafika. Nyanda alikuwa wa kwanza, Seni. Hakuna mwenzake aliyekuwa anaonekana nyuma. Hilo mama yule alilirudia bila mimi kumwuliza, nadhani alitaka kunipa kitu.

Nikamwomba aniambie alichokiona. Akasema, "Mama, nilimwona anarudisha mikono kutafuta breki. Mmoja ulifika."

Mmoja ulifika, baiskeli ikageuka, ikamwacha yeye na beseni lake ikaenda kwenye mawe. Mama yule hakupata hata mchubuko. Alilia mpaka mimi ndiye nikambembeleza. Alikuwa anajilaumu kwamba angetazama mara mbili. Nikamwambia si kosa lako mama yangu, nenda kalee watoto. Nikashindwa kumalizia kosa ni la nani.

La pili ni baya zaidi. Ambrosi aliileta baiskeli juu ya basi, imepinda rimu ya mbele, pembe zimekaa vile vile. Aliiegemeza ukutani, akamwita baba yake Nyanda, Nkuba, akamwonyesha. Akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa nguvu, akabana breki. Likasimama pale pale. Akalizungusha tena, likasimama tena. Breki ulizonunua wewe, mdogo wangu. Zilikuwa nzima, na raba zake mpya. Mtu kama angezishika, zingemshika.

Baba Nyanda akaona tu zile pembe. Akamwambia Ambrosi mbele ya watu wote, "Umemvika mwanangu pembe kama mnyama wa kuchinjwa." Na maneno mengine ambayo siyaandiki. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ambrosi angeweza kusema alimkataza. Angesema neno moja tu na angekuwa na haki. Hakusema. Aliniangalia mimi mara moja, maana alijua Nyanda alirudi toka kwa nani akiwa amebadili nia.

Mimi nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina.

Akaondoka bila kunywa. Nasikia siku hizi watu wa Kihesa hawampelekei baiskeli kama zamani. Wanasema mikono yake ina nuksi.

Sasa unaona, Seni. Ambrosi amebeba, Verediana amebeba, na wewe huko Magu umebeba, hula. Kila mtu amechukua kipande na mimi mwenye mzigo natembea mikono mitupu, napewa pole sokoni. Mama Asukile amekuja kwangu kila siku tangu msiba, ananitekea maji, hajasema neno moja la kunichoma, na hilo ndilo linaloniua. Yeye alishasahau mzaha wake siku ile ile. Ni mimi niliyemtoa mwanangu kumjibu.

Mtoto alikuja kuomba ruhusa ya kungoja waya. Waya ulifika tarehe kumi na tisa ya mwezi wa saba, kondakta akaniletea toka Iringa. Uko hapa kwenye karatasi yake.

Usiniandikie kunituliza. Wewe kula. Hilo tu ndilo ninalotaka, kesho ukae mezani na Leokadia ule ushibe, kwa kuwa baiskeli yako ilikuwa nzuri na mpwa wako aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, na alikuwa mbele ya watu wote alipokwenda nayo. Hata kama ni mimi ninayesema, na mimi ni mtu wa kujisifu, hilo la kuwa mbele ni kweli.

Barua hii sitaitia gundi kabla ya kumsomea Nkuba. Anarudi toka malishoni saa kumi. Sijui atanifanya nini. Miaka ishirini na sita nimekaa naye, na leo namwogopa kama bibi arusi. Lakini nikiituma bila yeye kusikia, nitakuwa nimekuandikia wewe ili nisimwambie yeye, na Ambrosi atabaki na pembe zake kichwani.

Nisalimie Leokadia sana, na mama mzee umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Msalimie Magesa na wanawe, na baba mdogo Silvester kama bado anapita hapo kwenu. Mungu aliyewaona mkilia awaone na mkila. Awape mvua kwa wakati wake na usingizi usio na maswali.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, nikupendaye siku zote,

Nyamizi

Nyongeza. Nimemsomea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anavua viatu, akabaki na kiatu kimoja mguuni mpaka mwisho. Akaniambia nisome tena pale nilipomwambia mtoto nimeshasema kwa watu. Nikasoma. Nikasikia ng'ombe wanavyocheua nje.

Halafu akasema, "Mimi nilikuwa nimeshaahidi dume la kuchinja akishinda, mnadani Igurusi, mbele ya watu wote. Nyanda nilimwambia mwenyewe."

Sikulijua hilo, Seni. Miezi miwili na yeye alikuwa nalo.

Amesema Jumatano tupande basi wote wawili tuende Kihesa kwa Ambrosi, na atakayosema huko atayasema kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Kisha akaniomba kalamu. Kusaini amejifunza mwaka jana kwenye kisomo cha watu wazima, na hajawahi kuandika barua ya mtu. Nimemshikia karatasi isiteleze. Hilo jina lililo chini, lenye herufi zinazopanda mlima, ni la kwake.

NKUBA