Nilisimama Kwenye Mtumbwi Mbele ya Dunia

Mama Odilia, shikamoo. Nimekusoma tangu nikiwa shule ya msingi, kwa sababu mama yangu anauza vitumbua na magazeti ya kufungia nilikuwa nayapitia kwanza kabla hayajachanwa, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mwenye shida ningekuwa mimi. Nimekwama, naomba unishike mkono, na jina langu tafadhali usiliandike.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, Mndamba wa Kivukoni, Ifakara, nasoma chuo kikuu Mwanza mwaka wa tatu. Baba yangu alikuwa mvushaji. Kabla daraja la Kilombero halijajengwa, mtu asiyetaka kusubiri pantoni alivushwa na wazee kama baba kwa mitumbwi ya gogo, na mvushaji haketi, Mama, anasimama nyuma ameshika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chini ya maji, na sisi watoto wa pale tulijifunza kusimama kwenye mtumbwi karibu wakati mmoja na kusimama nchi kavu. Mkondo ukiuzungusha mtumbwi unasimama imara, unatafuta chini kwa upondo, unasukuma, na mvushaji anayeketi wakati huo tunasema ameshaogopa. Daraja lilipofunguliwa baba akabaki bila abiria, akawa na nyavu zake na majaruba ya mpunga, na hakulalamika hata siku moja, ila nilikuwa namwona anavyoliangalia lile daraja.

Chuoni mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Maximilian, alikuwa anatafuta wanafunzi wa mchezo wa makasia, akauliza nani amekulia kwenye maji, nikanyoosha mkono kwa utani tu. Mtumbwi wao upana wake haufiki kiuno cha mtu na urefu karibu mita nane, ukikohoa unayumba, unaketi umevaa viatu vilivyofungwa humo humo, na unakwenda kinyumenyume na makasia mawili. Nilipomweleza baba kwenye simu alicheka mpaka akakohoa.

“Kinyumenyume? Sasa kiboko utamwonaje?”

Nikamwambia huku hakuna viboko kwenye mashindano.

“Na mamba?”

“Hakuna, baba.”

“Basi hao wanashindana na nani?”

Mwaka huu nikachaguliwa kwenda Ulaya kwenye mashindano ya dunia ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Baba aliposikia akasema, “Maji ya kwetu yamekufikisha huko.” Jumapili akasimama kanisani wakati wa matangazo akaomba waniweke kwenye sala, baba yangu huyo ambaye siku zote anakaa benchi la mwisho na kutoka wa kwanza.

Mama, sijui nikueleze vipi nilichokiona kule. Tuliingia uwanjani nchi moja baada ya nyingine, vijana maelfu, wote wanafunzi kama mimi, wenye mitihani na notisi za kudurufu, na kwenye foleni ya chakula nilisimama nyuma ya msichana anayesomea udaktari wa mifugo nikaambiwa asubuhi hiyo ameruka juu kuliko kichwa changu, naye anauliza tu kama wali umekwisha. Nilikuwa nikilala nawaza Mungu aliwaumba lini watu hawa. Na maji yenyewe yalinitisha kuliko watu, yamechimbwa na binadamu, yamenyooka zaidi ya kilomita mbili, hayana mkondo wala magugu, mistari ya maboya imepangwa mpaka macho yanapoishia. Asubuhi ya kwanza nilisimama ukingoni nikavua kofia, na sikujua namvulia nani.

Siku yangu tulikuwa sita. Nilianza vizuri, kwenye mita mia tano nilikuwa wa nne, nikamsikia mtangazaji anaitaja Tanzania na mwili wote ukanisisimka. Kisha upepo ukaja ubavuni, kichwa cha mtumbwi kikageuka, nikahisi mkondo umenishika, na hapo akili yangu haikuulizwa, mikono iliachia makasia na miguu ikasimama. Nilisimama, Mama Odilia. Nilinyoosha mikono kutafuta upondo ambao haupo. Mtumbwi ule hausimamiki hata sekunde mbili, nikaanguka majini mbele ya majukwaa na kamera za dunia nzima, nikarudi ndani, nikamaliza wa mwisho wenzangu wakiwa wameshashuka, watu wamesimama wanapiga makofi, nadhani ya kunionea huruma.

Mtu akakata klipu ya sekunde kumi na moja, inaanza nikisimama na kuishia mtumbwi umepinduka, kichwa changu hakionekani, ikawekewa muziki na vicheko, ikafika mpaka grupu la Kivukoni. Binamu yangu Antoni akaandika chini yake, “Mtoto wa mvushaji kazama kwenye bwawa, noma sana.” Mama yangu akanieleza kwamba baba aliomba simu ya Antoni, akatazama, akataka irudiwe, akatazama tena, akairudisha na kuondoka kwenda mtoni. Hii ni wiki ya tatu, hajanipigia na mimi sijampigia.

Mama yangu anaamini niko Mwanza. Ukweli niko hapa Mang’ula kwa Shangazi Bernadetha, nampepetea mchele na kumchotea maji, na kila siku ananiambia, “Kwenu ni mwendo wa saa moja tu. Au na kwenye gari nako huwezi kukaa mpaka ufike?” Mwalimu Maximilian ananitaka kwa mashindano ya vyuo vya Afrika mwakani, anasubiri jibu Ijumaa. Nimeshaandika ujumbe wa kukataa, bado kuutuma tu. Sitaki kushika kasia tena maishani, na sijui nitamtazamaje baba niliyemwangusha. Nifanye nini?

Niliyesimama, Mang’ula.

MAMA ODILIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole ya safari, maana naona hakuna aliyekupa hata neno hilo. Jina nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sidhani kama Ifakara yuko mwingine aliyesimama kwenye mtumbwi wa Wazungu.

Niruhusu nicheke kidogo hapo ulipotafuta upondo. Haya, nimemaliza. Sasa tuongee.

Kuanguka kwako umeniandikia kwa kirefu, na upepo wake na kamera zake. Kupanda tena umekupa maneno mawili: “nikarudi ndani.” Hivi hivi tu, kama mtu aliyesahau mwavuli sebuleni? Mimi michezo siijui, nikampigia Stanislaus, kijana wetu wa kurasa za michezo. Akaniambia mtu akianguka katikati ya shindano kama lile, mara nyingi huchukuliwa na boti ya waokoaji na habari yake inaishia hapo. Anayeweza kupanda mwenyewe bila kushikwa na mtu ndiye anayeruhusiwa kuendelea. “Mama,” akasema, “kupanda kile kitu kutoka majini, umelowa, umechoka? Mimi hata kikiwa nchi kavu ningeshindwa.”

Kwa hiyo hao waliosimama na kupiga makofi usiwasingizie huruma. Walikuwa wameshangaa, na mimi hapa na kalamu yangu nashangaa nao. Vijana wenye mabwawa ya mazoezi na madaktari wao walimwona mwenzao anazama, wakamwona anapanda kimtumbwi chembamba kuliko kiuno chake na kushika tena makasia. Hebu niambie, hilo ulifundishwa na nani? Chuo gani kina somo hilo?

Nikueleze jambo. Niliwahi kuvushwa pale Kivukoni nikiwa na mimba ya miezi saba, mto umejaa. Katikati mkondo ukatushika, mtumbwi ukaanza kuzunguka, nikapiga kelele bila aibu. Mzee aliyekuwa nyuma yetu hakunibembeleza. Alisema, “Wewe kaa, mama. Mimi nimesimama.” Mpaka leo nikikumbuka nyayo zile mbili zilizotulia kwenye gogo lililolowa, nywele zinanisimama. Jina lake sikumuuliza, na hilo linaniuma. Mimba ile sasa iko kidato cha pili na inanijibu jeuri. Mwili wako ulifanya alichofanya mzee yule, mahali pasipo pake, nakubali, na Mwalimu Maximilian ana kazi ya kukufundisha kukaa. Lakini aibu siioni hapo.

Aibu ninayoiona iko kwingine, na hapa nakugombeza. Wiki tatu uko mwendo wa saa moja kutoka kwenu, unapepeta mchele wa shangazi na kumdanganya mama yako! Mwanafunzi wa chuo kikuu!

Klipu ile inaishia wapi? Umeandika mwenyewe: kichwa chako hakionekani. Baba yako hakukuona ukipanda, wala hakukuona ukimaliza. Simjui, huenda nakosea, lakini mtu aliyeishi na mto ule maisha yake yote anajua ni wangapi waliingia wasitoke. Ameonyeshwa mwanawe anaingia majini, akaomba irudiwe ili aone anatokea upande gani, na mara ya pili pia hukutokea. Baada ya hapo hukumpigia simu. Mama yako amemwambia u mzima, sawa, lakini sauti yako hajaisikia. Wewe umejifungia na aibu yako, na mwenzio bado yuko pale ukingoni anakutafuta.

Ujumbe wa kukataa ufute, na wa kukubali usiuandike bado. Kesho asubuhi mshukuru Shangazi Bernadetha, amekuvumilia sana, kisha panda gari la Ifakara. Usimtume mama yako akutangulie na maneno, na Antoni mwache kwanza, utamalizana naye ukiwa na nguvu. Mfuate baba yako alipo, hata kama ni mtoni. Mwamkie vizuri. Usianze na “nisamehe”, kwa sababu hajakushtaki. Mweleze ulivyotoka kwenye yale maji, tangu mguu ulipochomoka kwenye kiatu, mkono uliushikia wapi mtumbwi, tumbo uliliwekaje, usiruke kitu hata kimoja. Akikuambia uonyeshe, vua shati uonyeshe. Huenda asiseme neno, na wewe usimlazimishe.

Yakiisha hayo, muulize yeye habari ya kushika kasia tena, na jibu atakalokupa ndilo umpelekee mwalimu wako. Mwalimu ana mpaka Ijumaa. Baba yako ameshasubiri vya kutosha.