Maboga Yangu Inaelea, na Siombi Musamaha

Mama yangu,

Mbele ya yote, miguu yako iko namna gani? Bado inavimba asubuhi? Siye hapa Lubumbashi tuko bazima, Mungu asifiwe. Baba ya batoto anaenda kazi ya shaba na kikohozi yake, lakini anakula muzuri.

Sasa barua yako niliisoma mara mbili. Unasema niende nimuombe mukubwa wa soko musamaha, anirudishie meza yangu. Hapana, Mama! Sikiliza kwanza.

Hapa soko ya Kenya, ule mutaa wetu wa Lubumbashi, bauzaji ya mayai banatia yai ndani ya maji: ikizama iko muzuri, ikielea imeoza. Basi ule mukubwa akakuya kwangu, akabeba boga yangu ya kwanza, akaitupa ndani ya pipa ya maji ya bauzaji ya mayai. Ikaelea. Akapiga kelele: "Citoyenne, weye mwananchi, unauzia bantu bintu bya kuoza!" Banunuzi bakaanza kuniuliza: kwa nini inaelea? Ile kubwa nayo itaelea? Ao unaweka dawa?

Nikatwaa kisu, nikapasua ile boga mbele yabo bote. Nyama yake safi, ya manjano. Nikasema: "Muangalie katikati! Mbegu, na nafasi tupu. Hewa ya mule njo inaibeba juu. Ikiwa kubwa, ikiwa ndogo, maboga yote inaelea!"

Mama Kalenga, jirani yangu wa meza, akatupa boga yake mule mule. Ikaelea. Mwingine naye akatupa. Bantu bakacheka mpaka mukubwa akatoka mbio. Kesho yake meza yangu ilipewa muntu mwingine.

Baba ya batoto anasema kama weye: "Mukubwa ni mukubwa, umuombe tu." Lakini nikiomba, si nimekubali kama niliuza uozo? Nani atanunua kwangu tena?

Basi ninakaa chini, inje ya soko, na beseni ya maji. Mbele ya muntu kuuliza, ninatia boga ndani ya maji miye mwenyewe. Jana bibi ya ule mukubwa alikuya. Akaangalia beseni, kisha akanyoosha kidole: "Nipe hii yenye kuelea." Nilimupa. Sikumuuliza kama bwana yake anajua.

Salimia shangazi Mwamini. Na kaka Saidi, mwenye alikuletea habari nusu, umusomee hii yote.

Ni miye binti yako Zaina, mwenye hapigi magoti ila kwa Mungu na kwako.